Mbuzi Niliyemtoa Mara Mbili

Huku kwetu Kwamndolwa, Korogwe, mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe linabaki kwenye kadi ya kliniki na kitambulisho cha taifa. Mtaani anaitwa mama wa fulani. Mimi nina mtoto mmoja tu, wa kiume, kwa hiyo tangu nikiwa binti wa miaka ishirini naitwa kwa jina lake. Silitaji hapa, jina ni lake. Lakini ujue kwamba naitwa hivyo kutwa nzima, na muuza dagaa, na watoto waliotumwa kuomba chumvi, na katibu wa umoja wa wanawake kanisani. Na mwenye jina alikuwa na miaka minane hajakanyaga nyumbani.

Sisi ni watu wa mkonge. Babu yangu aliletwa huku kutoka kusini kama manamba, wale vibarua waliokuja na mkataba wakasahau kurudi kwao. Mimi nimezaliwa kambini, nikaja kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, kwenye nyaya mpaka mikono ikaota sugu. Mume wangu alifariki mtoto akiwa darasa la pili. Nikamlea mwenyewe, kwa kazi hiyo na kwa kashamba ka mahindi, na Jumapili kanisani. Nilikuwa mkristo wa kawaida. Naimba, natoa sadaka, narudi nyumbani kupika ugali.

Kijana alipokua naye akaingia mkonge, kukata majani. Mshahara wake wa kwanza alinunua mbuzi jike, bado mdogo, mweupe mwenye sikio moja la kahawia. Alimbeba mabegani toka mnadani mpaka nyumbani, ameloa mkojo wa mbuzi mgongo mzima, anacheka. Nilimgombeza kwa ajili ya shati. Laiti ningejua, nisingemgombeza.

Haikupita muda zikaja habari za dhahabu upande wa Handeni. Vijana wa hapa wakachanganyikiwa. Kila mtu ana rafiki aliyeokota, kila mtu ana picha kwenye simu. Nikamwambia, baba, mkonge umetulisha vizazi vitatu, wewe unakimbilia mashimo? Akasema, "Mama, umetulisha lakini hatujashiba." Asubuhi aliyoondoka alimkuna yule mbuzi kati ya pembe, akaniambia, "Huyu asiguswe. Siku nikirudi tunamchinja, tunakula wote. Maini ni yako wewe, mama." Anajua napenda maini.

Mwaka wa kwanza alikuwa anapiga kila Jumapili baada ya ibada. Mwaka wa pili akawa anaruka. Halafu ikawa yule dada wa kwenye simu ananiambia namba ninayopiga haipatikani, na anaongea kwa upole utafikiri ananipa habari njema. Nilimtukana yule dada, Mungu anisamehe. Nilimtukana mara nyingi.

Nikapanda gari mpaka Handeni. Ni kukavu kule, jamani, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Nikakaa pale stendi siku mbili na picha yake, namwonyesha kila dereva wa bodaboda. Mama mmoja anayeuza wali alimtambua. Akasema, huyu alikuwa anakula kwangu, anapenda kuongezewa mchuzi, aliaga kwamba wanahamia machimbo mengine, mbali, na wenzake wawili. Machimbo gani? Hajui. Lini? Tangu kiangazi. Nikamuuliza alikuwa mzima? Akasema mzima kabisa, amekonda tu. Nikarudi Korogwe na hilo neno moja la kukonda, na limenikaa kifuani mpaka leo.

Tangu hapo nikawa namfunikia chakula. Si jambo la ajabu, kila nyumba humfunikia mtu aliyechelewa. Kila jioni napakua sahani mbili, ya kwake ya bluu, nafunika na sahani nyingine, naweka mezani. Asubuhi nawapa kuku. Majirani walijua, na hakuna aliyenicheka. Na yule mbuzi sikumgusa. Alizaa, watoto wake niliwauza bila huruma yoyote, lakini yeye mwenyewe alikaa pale kwenye mwarobaini, anatafuna, ananiangalia kwa macho yale ya mbuzi yasiyo na aibu.

Kutojua ndiko kunakoua. Aliyefiwa anaomboleza, watu wanakuja na khanga na unga, wanakaa nawe. Mimi sikuwa na msiba wala furaha. Pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, nainua kichwa. Mbwa akibweka, nainua kichwa. Nilitamani kumsikia, hata akohoe tu kwenye simu akate.

Ndipo nikamkimbilia Mungu, na safari hii nilimkimbilia kweli. Kulikuwa na semina ya siku tatu kanisani kwetu, juu ya kuyakabidhi maisha yote kwa Mungu. Siku ya mwisho nilisimama mbele za watu, mtu mzima nimefunga kitambaa, nikalia mpaka kamasi zikanitoka, nikasema kwamba kuanzia leo mimi si wangu tena, ni wa Kristo, mwili na roho, nyumba na shamba. Na sikudanganya. Kuna amani ilinishukia siku ile ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nikaacha kutukana simu. Nikamsamehe nyapara mmoja wa zamani ambaye sikutegemea kumsamehe hata kaburini.

Wiki mbili baadaye mchungaji akaja kunitembelea. Ni kijana, angeweza kuwa mwanangu, ananiamkia shikamoo kwanza ndipo nami namwita baba mchungaji. Tukasali, tukaongea. Wakati wa kuaga akamwona mbuzi.

"Mama, mbuzi mzuri. Wa kwako?"

"Wa mwanangu," nikasema.

"Na mwanao ni wa nani?"

Weee! Nilimwona kama amenichapa kofi. Chai ilikuwa jikoni inachemka, nikamwacha aondoke bila kuinywa. Nilikaa pale kizingitini nimefura. Kijana huyu hajazaa, anajua nini? Jumapili yake akahubiri habari za Ibrahimu kupanda mlimani na mtoto, nikajua ananisema mimi. Nikabishana naye kimoyomoyo pale kwenye benchi. Ibrahimu alikuwa na mtoto wake kando yake, amemshika mkono. Mimi nitoe nini? Nitampaje Mungu mtu ambaye hata sijui yuko wapi?

Lakini neno likishaingia halitoki. Nilipochimba vizuri moyoni nikakuta uchafu wangu. Yule mbuzi nilikuwa nimemweka rehani. Nilikuwa nimemwambia Mungu, bila kutamka, kwamba maadamu mbuzi yu hai, ahadi ya mwanangu iko hai, na wewe Mungu unawajibika kumleta aje amle. Nyumba nimekupa, shamba nimekupa, roho yangu nimekupa, ila hapa kwenye mwarobaini tufanye biashara, mimi na wewe. Nilipoliona hilo nilijionea aibu.

Basi ikafika Jumapili ya mavuno. Kwetu siku hiyo kila mtu huleta alichovuna: mahindi, maharage, ndizi, kuku aliyefungwa miguu, mayai kwenye kikapu. Vinawekwa mbele, vinaombewa, kisha vinatolewa nje na mzee wa kanisa anavinadi pale uwanjani. Hata wasio wetu huja kununua, Waislamu wengi tu, wanasimama kando na baiskeli zao wakingoja ibada iishe. Nikamwosha mbuzi kwa sabuni ya unga, nikamfunga kipande cha kitenge shingoni, nikamburuta mpaka kanisani. Watu walipomwona walinipisha njia, maana wanajua. Mchungaji alimwekea mkono kichwani. Macho yake yalikuwa na machozi, na yangu pia. Nikasema, Bwana, huyu ni wako. Nimemwachia.

Tukatoka nje. Mzee wa kanisa anayenadi ana maneno, angeweza kukuuzia kivuli chako. "Mbuzi wa wokovu huyu! Ameogeshwa, ananukia kuliko baadhi yenu!" Watu wakacheka. Akasogea mwenye bucha wa hapa mtaani, mzee wa Kizigua, mtu wa swala tano, ambaye nimenunua nyama kwake tangu nikiwa na meno yote. Akampapasa mbuzi mgongoni, akabonyeza kiunoni kwa vidole viwili, namna wafanyavyo kupima nyama. Akataja bei.

Haki ya Mungu sijui kilichotokea. Nilisikia sauti inataja bei ya juu zaidi. Nikageuka kumtafuta ni nani, kumbe ni mimi. Mwenye bucha akapandisha. Nikapandisha. Watu wakaanza kushangilia, kwa sababu kwetu huwa inatokea: mtu hununua alichokitoa mwenyewe, kisha anakirudisha kinadiwe tena, kanisa lipate zaidi. Wakadhani nimepandwa na moto wa utoaji. Akina mama wakanipigia vigelegele. Mzee wa kanisa akagonga moja, mbili, tatu, mbuzi akawa wangu, na hela yangu ya mbolea ikaishia pale.

Wakangoja nimrudishe. Nikashika kamba, nikaondoka. Nilitembea haraka kwenye ile njia ya kwetu, mbuzi nyuma yangu anarukaruka na kitenge chake, na vigelegele vinanifuata hadi kwenye kona. Nilipofika nyumbani nilimfunga pale pale kwenye mwarobaini, nikaketi chini nikacheka. Nikacheka sana. Halafu kicheko kikageuka.

Jumapili iliyofuata mchungaji akanishukuru mbele ya watu kwa kutoa mara mbili, mali kwanza na fedha baadaye. Sijui kama alinionea huruma au hakuelewa. Niliinamisha kichwa. Wakati wa nyimbo za kujitoa nilikuwa nafungua mdomo tu, sauti haitoki. Ile amani ya siku ya semina ilikuwa imeondoka, na niliitamani kuliko nilivyowahi kutamani chochote, isipokuwa kitu kimoja. Nikawa na hamu mbili badala ya moja. Namtamani mwanangu, na namtamani Mungu, na nimesimama katikati nimeshika kamba ya mbuzi.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikali. Majani yakaisha. Mbuzi alishazeeka, akaanza kukohoa, akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Nilikuwa natembea hadi mtoni kumkatia majani mabichi, nachemsha maji na chumvi namnywesha, naamka alfajiri kumtazama. Kila nikipiga magoti ninasema, Bwana, asife. Bwana, usimwache afe. Wiki nzima. Akapona. Nikapiga magoti kushukuru, ndipo nikashtuka: siku saba hizo sikuwa nimemtaja mwanangu hata mara moja. Mwanangu mwenyewe! Nilikuwa nimemwombea mbuzi.

Niliogopa sana siku hiyo. Nilijaribu kuukumbuka uso wa mwanangu, ukaja polepole, na sikio la kahawia likawa linanijia kwanza. Nikasema, basi. Imetosha. Nikasubiri mavuno.

Safari hii sikumwogesha. Nilimpeleka alivyo. Akaombewa, akatolewa nje. Mzee wa kanisa akaanza, "Haya, mbuzi wetu wa kila mwaka!" Watu wakacheka, wakanigeukia. Akataja bei ya kuanzia. Kimya. Akashusha. Kimya. Ala! Nikaangalia huku na huku. Wote wananitazama mimi, wanatabasamu, wananingoja nipandishe.

"Taja mwenyewe, mama!" mmoja akasema. "Sisi hatuingilii."

Ilikuwa huruma, najua. Hakuna aliyetaka kuwa yeye wa kumchukua. Walikuwa tayari nimnunue kila mwaka mpaka nife, wanipigie vigelegele, na tuuite huo utoaji. Nikaificha mikono chini ya khanga kwa sababu sikuiamini. Nikamtafuta mwenye bucha. Alikuwa kwenye uzio na baiskeli yake, anaangalia pembeni. Nikamwendea, mbele ya kanisa zima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama." Akaniita kwa jina langu lile, la mwanangu.

"Mbona hutaji bei?"

"Nitaje vipi? Mbuzi wa kijana yule. Na isitoshe, mama, tusidanganyane, huyu ni bibi kizee. Nyama yake nitamuuzia nani, fundi viatu?"

Nilicheka na machozi yananitoka. "Nunua, mzee wangu. Nakuomba. Mimi siwezi kumtoa kama hakuna anayempokea."

"Utalia."

"Nitalia. Wewe nunua."

Akanyoosha mkono juu akataja bei, bei nzuri kuliko alivyostahili mbuzi yule. Mzee wa kanisa akagonga moja. Akanitazama. Akagonga mbili. Akanitazama tena, na uwanja mzima ukanitazama. Nikauma ulimi. Akagonga tatu.

Nilidhani ndiyo mwisho, kumbe bado. Mwenye bucha alipokuja kuchukua kamba mkononi mwangu aliinama akasema taratibu, wengine wasisikie, "Mama, sina haraka. Zizi langu lina nafasi. Naweza kumweka tu, ale majani na wenzake, mpaka kijana arudi. Wewe utakuwa umeshatoa, Mungu ameona, na mbuzi yupo."

Wema wa watu wengine unaweza kukuvunja mgongo. Alisema yale niliyokuwa nayatamani, tena yakiwa safi, bila kosa. Hakuna mtu ambaye angenilaumu. Ningekuwa napita pale zizini jioni, nachungulia, narudi kumfunikia mwanangu chakula. Kila kitu ndani yangu kilisema ndiyo. Nilifumba macho, nikamwona mwanangu amembeba mabegani, ameloa mgongo, anacheka. Nikasema moyoni, Bwana, nikisema neno hili, je, nitakuwa nimempoteza mwanangu? Sikusikia jibu. Palikuwa na upepo tu, na kuku wa watu wanalia kwenye vikapu.

"Mchinje," nikasema.

"Kweli?"

"Mchinje, mzee. Kesho nitakuja kununua."

Jumatatu nikaenda. Alikuwa ameshachinja alfajiri, kwa dua yake, ananing'inia pale kwenye kulabu, mdogo kuliko nilivyodhani. Ngozi ilikuwa imekunjwa pembeni. Sikuiangalia.

"Nikukatie wapi?"

"Nipe maini."

Hakuuliza. Akanifungia maini yote kwenye gazeti, na aliposukuma mkono wangu wenye hela nilijua nisibishane.

Jioni hiyo nilipika mapema, jua bado liko juu ya mkonge. Vitunguu, nyanya, chumvi. Nilikuwa nimejiandaa kukaa jikoni muda mrefu nilie vizuri, lakini maini huiva upesi, hayakunipa nafasi. Nikasonga ugali. Mkono wenyewe ukaenda kwenye rafu ukachukua sahani mbili kama kawaida. Nikapakua kwenye ile ya bluu. Nikashika sahani ya kufunikia, nikasimama nayo pale.

Nikairudisha kwenye rafu. Nikaketi mbele ya sahani yake, mahali pake, pasipokaliwa na mtu miaka yote ile, nikasali. Miaka minane sala yangu ya chakula ilikuwa na neno moja, mrudishe. Siku hiyo sikulisema. Nilisema, Baba, huyu mtoto ulinipa wewe. Alipo unapaona, mimi sipaoni. Akija, ni wewe umemleta. Asipokuja, asiwe peke yake. Mimi nimemwacha mkononi mwako, na mimi mwenyewe humo humo, na sidai kitu.

Nikala. Yalikuwa matamu, usiniulize kwa nini, mbuzi kizee yule. Nilikula nikilia, tonge baada ya tonge, na kila tonge nilikuwa namwambia kwa sauti, kana kwamba yupo mlangoni: mwanangu, mama anakula bila wewe. Nisamehe, mama anakula.

Nilimaliza yote. Nikaiosha sahani ya bluu, nikaipanga pamoja na zile nyingine.

Usidhani hamu imeisha. Pikipiki ikipunguza mwendo bado nainua kichwa, na nadhani nitainua mpaka siku wanizike. Lakini ile amani ilirudi, kwa aibu kidogo, ikakaa karibu na hamu, na vyote viwili vinaishi humu ndani bila kugombana. Kanisani sauti inatoka. Asubuhi ya baada ya yale maini muuza dagaa alipita akagonga geti, akaita kwa nguvu kama kila siku, kwa jina la mwanangu. Moyo ukaniruka. Nikamwambia Mungu neno moja tu la ziada, ambalo natumaini si biashara: popote ukimwona, mwambie bado naitwa kwa jina lake, na bado naitika.

Kisha nikaitika, nikatoka na bakuli.